Kilio Kilichorudiwa Mara Tatu

Kosa langu la kwanza katika kazi ya senema lilikuwa kuanza na kilio. Kama ningeanza na majembe, huenda leo ningekuwa mtu mwingine. Nasema huenda kwa sababu nimejishtaki mara nyingi, na kila mara najikuta na hatia nyingine. Lakini hii ya kilio ndiyo inayorudi mbele ya zote.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiacha darasa la nne, mwaka aliofariki mama, na tangu hapo nilijisomea chochote kilichonifikia: kitabu cha sala, vijitabu vya bwana shamba, magazeti ya zamani yaliyofungiwa sukari katika duka la kijijini kwetu Ndama. Senema niliiona gari la serikali lilipokuja uwanja wa shule na kutundika shuka kubwa jeupe. Zilikuwa picha za mafunzo. Moja ilimhusu mtu mpumbavu asiyechimba choo. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa nimeona jambo: mpumbavu yule aliingia mlangoni akiwa na kofia kichwani, na alipotokea ndani kofia ilikuwa mkononi, wala hakuna aliyemwona akiivua. Jambo hilo lilininyima raha wiki nzima. Nilijiambia, mimi nisingekubali.

Ndivyo nilivyoanza kuandika michezo ya senema. Nilijaza madaftari kumi na moja. Neno moja likikosewa, sikulikata. Nilinakili mchezo mzima upya. Kila gari la senema lilipofika nilikwenda nayo kwa karani wa gari, Mlutheri kutoka Muleba, kijana aliyenyoosha kaptula zake hata safarini. Yeye ndiye aliyeendesha mashine ya picha na kutueleza kwa Kinyambo, lugha yetu, kupitia kipaza sauti kile kilichokuwa kinatendeka kwenye shuka. Alikaa kwenye ngazi ya gari, akasoma bila haraka.

"Ndugu yangu," aliniambia mara ya kwanza, "hapa umeandika farasi wanne. Karagwe hii utawatoa wapi?"

Akafunua ukurasa mwingine.

"Na hapa meli inazama."

"Naweza kuitoa, Bwana Karani."

"Itoe. Andika kitu ambacho nikikuambia kesho ukilete, utakileta."

Nilirudi nyumbani nikaandika juu ya kibanja, yaani shamba letu la migomba na kahawa lililoizunguka nyumba. Mzee mmoja haijali kahawa yake. Anakufa, analiliwa, anazikwa. Wanawe wawili wanaona aibu kwa urithi wao. Wanapalilia, wanatandaza nyasi chini ya mibuni ili udongo usikauke, na kahawa inazaa. Basi. Karani aliposoma alinitazama, akasoma tena mwisho wake. Akampelekea mzungu wa senema, mkubwa wa ofisi yake.

Sikuwapo walipozungumza. Ninachojua ni kwamba ofisi ilikuwa inatafuta picha ya kutandaza nyasi, na garini ilikuwapo kamera kuukuu ya kutia ufunguo kama saa ya ukutani. Mzungu alikubali kuniachia kamera hiyo pamoja na mikanda mitatu, kila mmoja wa dakika chini ya tatu, wakati gari linazunguka Mabira na kwingineko. Lingerudi baada ya siku kumi. Nikifanya vizuri, picha ingeonyeshwa jimbo lote, nami ningechukuliwa kazini nijifunze kutengeneza nyingine. Nisipofanya vizuri, hakuna deni. Karani alinifundisha kwa siku moja na nusu: namna ya kutia mkanda chini ya blanketi, namna ya kupima mwanga kwa jicho, namna ya kuhesabu nafsini wakati kamera inanguruma.

"Huna haja ya kufuata mpangilio wa hadithi," alisema akipanda garini. "Piga lile jepesi kwanza."

Nilisikia vizuri. Nilianza na lile gumu, kwa sababu niliogopa kukaa nalo moyoni siku kumi.

Wakati huo sikujua kwamba kazi niliyokuwa naifanya ina majina. Niliandika, nilitafuta watu, niliwapikia ndizi, niliomba rubisi, pombe ya ndizi, kwa jirani ili walioigiza wasikauke koo. Mzee wa mchezo alikuwa Tata, baba yangu mwenyewe. Wana wawili walikuwa kaka zangu. Wa kumlilia mzee alikuwa shangazi yangu, dada yake Tata, aliyetulea baada ya mama. Shangazi alijulikana mpaka ng'ambo ya bonde kwa kulia misibani. Alipoanza yeye, hata wasiomjua marehemu walitafuta pa kushika. Waombolezaji wengine walikuwa majirani saba wa karibu, wakiongozwa na mzee mmoja mtani wa Tata tangu ujana wao.

Siku nne za mwanzo nilizipoteza kwa mazoezi. Sitatafuta neno zuri zaidi. Nilimfundisha Tata namna ya kuanguka. Alikuwa na miaka zaidi ya hamsini na alianguka mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

"Mwanangu," alisema akijipangusa vumbi, "mtu akifa kweli hufundishwa?"

"Tata, mkono wa kushoto umetangulia. Inaonekana unajishika."

"Najishika kwa kuwa naanguka."

Mtani wake alikuwa amekaa na kibuyu chake. "Mwache afe anavyotaka," alisema. "Wewe utakufa vizuri zamu yako ikifika."

Nyasi za kutandaza zilikuwa zimekatwa tayari, mafungu ishirini, yamepangwa nyuma ya nyumba. Siku ya tano asubuhi mawingu yalikuwa mepesi, mwanga mzuri. Tulimlaza Tata uani kwenye mkeka, tukamfunika lubugo, ile nguo ya gome la mti anayofunikwa maiti kwetu, tukaacha miguu wazi ionekane kwenye picha.

Hapa lazima nieleze nililolijua, maana sitaki msomaji adhani nilikuwa mgeni. Kwetu, kilio cha msiba kikisikika, majembe yanalala. Siku nne, ukiiacha ile ya kilio chenyewe, hakuna mtu wa mteremko huo anayegusa udongo. Anayelima siku hizo anaita mvua ya mawe juu ya migomba ya kila mtu. Siku ya nne waombolezaji hunyolewa nywele, ndipo kazi zinarudi. Hilo nalijua tangu sijajua kuhesabu. Niliwaeleza wale majirani saba kwamba ni mchezo. Wa ng'ambo ya bonde letu la Kiruruma sikuwaeleza, na sababu ilikuwa ya kijinga: niliogopa wakijua watakuja kutazama, na watakaa pale pale ninapotaka pawe wazi nyuma ya shangazi. Nilidhani kamera iko nje ya mila. Nilidhani kitu kinachofanywa mbele yake hakijafanyika.

Shangazi alilia. Sijui niseme nini. Aliita jina la kaka yake, akamwuliza amemwachia nani, akaanguka magotini, na mimi nyuma ya kamera nikahisi nywele zinanisimama. Kisha nikaona kidole gumba cha mguu wa Tata kinasogea. Inzi alikuwa ametua.

"Simameni. Kidole kimesogea. Tunarudia."

Shangazi alinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Turudie nini?"

"Kilio, Shangazi. Tata amesogeza kidole."

"Kwa hiyo yeye asogeze, mimi nilie tena?"

Alilia tena. Mara ya pili ilikuwa nzuri, ila kaka yangu mkubwa aliitazama kamera. Nikatia mkanda wa pili chini ya blanketi, nikaomba mara ya tatu. Shangazi akapiga magoti tena. Sauti yake ilikuwa imepasuka, na katika kupasuka huko ilitoka kubwa kuliko zote. Alipomaliza alibaki ameinama, akasema polepole, "Umeridhika?" Nikasema nadhani.

Ndipo tukawaona watu. Walikuwa wanapanda mteremko kwa kukimbia, wanawake wamefunga viuno, wanaume hawana majembe maana walikuwa wameyaacha pale pale yalipokuwa. Mmoja alikuwa amebeba mkungu wa ndizi kichwani. Wengine walipitia nyuma ya nyumba, wakayakuta mafungu yangu ya nyasi, wakadhani yamewekwa kwa msiba. Wakayabeba na kuyatandaza sebuleni ili waombolezaji wakae. Mafungu yote ishirini. Nilisimama nimeshika kamera nikitazama nyasi za kahawa zinavyoingia nyumbani.

Tata aliinuka na lubugo lake mabegani. "Jamani, mimi ni mzima," alisema. "Karibuni."

Mwanamke mmoja alipiga yowe. Baadhi walicheka. Wengi hawakucheka. Mtani wa Tata, ambaye alijua tangu mwanzo kwamba ni mchezo, ndiye aliyesema neno.

"Mimi jembe langu limelala."

"Lakini hakuna aliyekufa, Baba," nilimwambia.

"Nimesikia kilio mara tatu. Wewe ndiye uliyesema cha kwanza hakikutosha. Kama kilikuwa cha uongo, kwa nini ulitaka kiwe cha kweli zaidi?"

Nilimgeukia shangazi anisaidie. Alikuwa anakunywa maji. "Nimemlilia kaka yangu mbele ya watu waliokuja mbio," alisema. "Siwezi kuwaambia warudi wakalime. Watakaa siku zao."

Wakakaa. Siku nne hakuna aliyelima mteremko ule, na mchezo wangu uliobaki ulikuwa wa kulima. Tata alikaa ndani na waombolezaji wake. Siku ya kwanza alifurahi. Alisema ni watu wachache wanaopata kusikia wanavyosemwa. Rubisi ilipozunguka, mtani wake alimruka.

"Na mimi je?"

"Marehemu hanywi."

"Nipe, mwanaharamu wewe."

"Sikilizeni, upepo huo!" alisema mtani, na nyumba nzima ikacheka, hata mimi. Kilichofuata nilikiona mimi peke yangu, au nadhani hivyo: Tata alishusha mkono wake taratibu, akauweka gotini, na hakuomba tena.

Siku ya nne wakanyoana. Ilikuwa siku ya tisa ya zile kumi, alasiri. Kesho yake asubuhi watu wote walifika kibanjani na majembe yao, wakiwa na moyo mwepesi, tayari kunisaidia. Hata nyasi nyingine zilikatwa alfajiri bila mimi kuomba. Mwanga ulikuwa safi. Mkanda wa tatu ulikuwa mzima. Na vichwa vyote vilikuwa vimenyolewa, vinang'aa.

Kwenye kilio walikuwa na nywele. Kwenye mchezo, wana wanaanza kulima kesho yake tu. Nilikuwa nimeandika hivyo, bila zile siku nne za mila. Nikaikumbuka kofia ya yule mpumbavu. Nikasema hatuwezi kupiga namna hii.

"Kwa nini?" aliuliza kaka yangu.

"Nywele. Watu wataona."

"Watu gani watakaotazama vichwa?"

Nikatuma watafutwe kofia na vilemba. Kofia zilipatikana tatu. Nikawapa, nikaona kaka yangu mdogo amefanana na mchuuzi wa ng'ombe, nikawavua. Nikajaribu kuwapanga wasionekane vichwa, wote wameinama. Nikawasogeza, nikawarudisha. Saa zilikwenda. Watu walianza kukaa juu ya mafungu ya nyasi. Shangazi alisema, "Piga tu, mwanangu. Piga tu." Alinisihi, kwa ile sauti iliyokuwa bado haijapona. Nikasema tusubiri kidogo wingu lile lipite. Halikupita, lilileta mvua. Tulikuwa bado chini ya migomba gari lilipopiga honi barabarani.

Nilimrudishia karani mikanda miwili ya kilio na mmoja ambao haujaguswa. Aliupima mkononi akajua. Hakunikaripia. Alisema, "Mzungu alitaka nyasi."

Barua ya ofisi ilichukua msimu mzima. Ilisema kwamba waigizaji ni wazuri kuliko walivyotarajia, ila kilimo hakionekani, na picha ya huzuni tupu haiwezi kufundisha watu. Kazi haikutajwa. Karani, kwa hisani yake, aliuomba mkanda na kuuleta Ndama mara moja, akauonyesha jioni baada ya picha za mafunzo. Hakukuwa na sauti. Shangazi alifungua kinywa kwenye shuka, na mtu akapaza sauti nyuma, "Marehemu, shikamoo!" na Tata akajibu, "Marahaba," maana angefanya nini.

Mtu wa ofisini aliyeunganisha picha alikuwa amechagua kile kilio cha kwanza. Cha kidole. Vile viwili vingine alivikata. Niliona mara moja kwamba alikuwa na haki: kwenye kile cha tatu shangazi alikuwa anataka kumaliza, kwenye cha kwanza alikuwa anamlilia kaka yake. Hakuna mtu hata mmoja uwanjani aliyekiona kidole, isipokuwa Tata.

"Kilisogea kweli," aliniambia tukirudi. "Kidogo tu."

"Ndiyo, Tata."

"Sasa si ungekiacha?"

Tangu jioni ile salamu ile ilimfuata kila mahali. Kwenye rubisi, dukani, hata kanisani baada ya misa. Mwanzoni aliwajibu. Baadaye akaacha kwenda kwenye rubisi, akisema tumbo linamsumbua. Nilikwenda kwa katekista kumwomba ushauri. Akaniuliza ni dhambi gani, nami nikashindwa kuitaja. Niliendelea kuandika. Nilipeleka ofisini michezo mitano, nikiinakili kila mmoja mpaka vidole vikanivimba, na mitano yote ilirudishwa na karatasi moja yenye maneno yale yale.

Msimu wa pili wa kahawa baada ya hapo miguu ya Tata ilivimba. Aliugua miezi mitatu, akafa asubuhi moja, mkono wa kushoto chini ya shavu, bila kufundishwa na mtu.

Kaka zangu walilia, na wake zao. Sauti zilivuka bonde kama siku ile. Nilitoka uani nikasimama pale pale nilipokuwa nimesimama na kamera, nikitazama ng'ambo ya Kiruruma nione watu wakikimbia. Hakuna aliyekimbia. Niliyasikia majembe. Yaliendelea, moja hapa, moja kule, na katikati yake mtu akacheka. Mtani wa Tata ilibidi aende mwenyewe na fimbo yake, nyumba kwa nyumba. Aliporudi alikuwa analia. Aliniambia kila mlango alioufikia waliuliza swali moja: ni kweli au ni ya picha? Majembe yalilala saa tisa alasiri. Tata alikuwa amekufa tangu asubuhi.

Shangazi alikaa karibu na kichwa chake. Watu walimsubiri aanze. Alifungua kinywa, akakifunga. Baadaye sana nilipomletea uji, alinishika mkono, akasema bila hasira, "Nilimlilia siku ile. Ulisema hakikutosha." Uji hakuunywa.

Baada ya kunyolewa nilimwandikia karani, nikamwomba ofisi iniazime ule mkanda, hata kwa siku moja, kwa kuwa Tata hakuwahi kupigwa picha nyingine. Nilitaka kukiona kidole kinasogea. Alijibu kwa mkono wake mwenyewe, kwa heshima na pole. Mikanda isiyohitajika hupelekwa kuyeyushwa, kwa sababu ina madini ya fedha ndani yake. Wetu ulikwenda pamoja na mingine kabla hata Tata hajaugua.

Sasa nina miaka ishirini na mitatu. Madaftari yangu nimeyaweka darini na sijui kama panya wameyaacha. Ninalima kibanja na kaka zangu, na nyasi tunatandaza. Ng'ambo ya bonde kukiwa na msiba, bado wapo wanaouliza kwanza kabla ya kulaza jembe, na walijifunza kwangu. Shangazi hajalia katika msiba wowote tangu hapo. Mimi siandiki tena michezo ya senema, na mtu akinifanyia jambo mara moja, simwambii arudie.